Gauni Lililoleta Turubai

Niseme tu, maana mtaa mzima unajua na ni mimi peke yangu niliyebaki nakanusha. Yule mtoto nilimlaza mimi sakafuni. Hakujilaza mwenyewe, hakupitiwa na usingizi kwa sababu ya joto, na Mama Zuhura hana tatizo lolote la macho, ingawa ndivyo nilivyomwambia kaka yangu, katekista, mwenyekiti wa mtaa na mtu yeyote aliyekuwa tayari kunisikiliza pale sokoni. Nilimlaza mimi, nikamkunja mikono kifuani mimi, nikamwambia afumbe macho na asitikisike mimi, mwanamke mwenye shahada mbili na mazoea ya kuandika makala za kukosoa tabia za wenzake.

Chanzo ni gauni. Nyangeta ni binti wa kaka yangu Magesa, wa Buswahili kule Butiama, na amepewa jina la marehemu mama yetu, kwa hiyo mimi na Magesa tunamwita Mama, kwa heshima zote, hata akiwa na kamasi puani. (Kama unadhani kulea ni rahisi, jaribu kumnyima peremende mtu unayemwita Mama.) Mwaka ule alikuja kukaa na mimi hapa Mukendo, mjini Musoma, asome darasa la awali, kwa majaribio. Neno majaribio lilikuwa la wifi yangu, mama yake mtoto, ambaye hakuwahi kuficha mashaka yake. Mimi sikujaliwa kuzaa, nimeishi na vitabu, na nimeshaunguza masufuria mengi kwa kusahau chai jikoni huku nasoma. Wifi aliuliza mbele ya ukoo mzima kama mtu wa namna hiyo atakumbuka kwamba mtoto ana homa. Nilijisikia vibaya hasa kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Basi tukakubaliana kwamba mwisho wa mwaka, baada ya mahafali ya awali, watakuja wamwangalie mtoto alivyo, halafu waamue: aanze darasa la kwanza Musoma, au arudi zake Buswahili. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Mimi niliulizwa, nikasema uamuzi wowote ni sawa, jibu ambalo nilikuwa na uwezo wa kulitoa mwanzoni mwa mwaka lakini kufika mwezi wa kumi nilikuwa siliamini tena. Nilikuwa nimeshazoea kuamshwa asubuhi na mtu anayenifungua jicho kwa kidole. Sitasema zaidi ya hapo.

Shuleni wakapanga igizo la mahafali, Nyangeta akachaguliwa awe binti mfalme. Mwalimu wake akanitumia picha kwenye simu: gauni jeupe la kung'aa, mikono iliyofura kama maandazi, sketi pana ya kumficha mbuzi. Nikampigia wifi kumpa habari, nikidhani atafurahi, na kweli alifurahi, ila mwishoni akasema, "Sasa wifi, mpelekee fundi. Wewe usijisumbue."

Hilo usijisumbue ndilo lililoniponza. Angesema huwezi, ningekubali. Lakini usijisumbue ni neno la kumwambia mgeni anayetaka kubeba sahani kupeleka jikoni, na mimi nikaona hapana, hili gauni nitalishona mwenyewe, na siku watakapokuja kuangalia mtoto watakuta limening'inia mlangoni, na nitakapoulizwa fundi gani, nitanyamaza kidogo kwanza.

Kitambaa nilikipata Bunda, nilikokwenda kwenye semina. Satini nyeupe, laini, ya kuteleza kama sangara aliyetoka majini. Mzee wa dukani akaniuliza ni ya shughuli gani, nikamwambia ya binti mfalme, akanitazama kwa muda, akakata bila kuuliza tena. Cherehani nilikuwa nayo. Niliinunua nilipoanza kazi kwa sababu kila mwanamke niliyemheshimu alikuwa nayo, na tangu siku hiyo ilikuwa meza ya kuwekea magazeti. Nikaondoa magazeti. Nikatia mafuta. Nikatazama video moja kwenye simu, ya mwanamke mchangamfu aliyesema kwamba kama hujazoea kuchukua vipimo usihangaike, mlaze mtoto juu ya kitambaa, chora kumzunguka kwa chaki, acha nafasi ya mshono, kata. Chaki ninazo za kutosha, ni mwalimu. Nikaona jambo limekwisha.

Jumamosi asubuhi nikasukuma viti ukutani, nikatandika ile satini katikati ya sebule. Nyangeta akaja amejiandaa. Alikuwa ameingia chumbani kwangu na kujimwagia poda uso mzima, shingo, hadi kope, kwa sababu mabinti wafalme wote aliowahi kuwaona kwenye madaftari na mikoba ya wenzake ni weupe. Nilitamani sana kumpa somo juu ya jambo hilo, somo zuri kabisa lilikuwa limenijia kichwani, lakini nilikuwa nimeshabana pini mdomoni. (Pini mdomoni ndicho kitu pekee cha ufundi nilichokuwa nacho. Nimeona mafundi wote wanafanya hivyo, nikaona na mimi nianzie hapo.)

Nikazitoa kwa muda nimpe maelekezo.

"Mama, lala chali hapa. Nyoosha miguu."

"Hivi?"

"Hivyohivyo. Mikono weka kifuani nipate kuchora ubavu. Sasa usitikisike."

"Inatekenya."

"Binti mfalme hatekenyeki. Fumba macho, ujifanye umelala, na usiamke mpaka nikuambie nimemaliza. Ukitikisika gauni linaharibika, unasikia?"

Akafumba macho. Huyu mtoto kwa kawaida hakai kimya hata anapomeza chakula, lakini siku hiyo kwa sababu ya gauni alitulia kama jiwe. Nikarudisha pini mdomoni, nikapiga magoti, nikaanza kuchora. Nilipofika begani mchoro ukakosea, nikaufuta kwa kiganja, nikainama karibu zaidi, na wakati huo ndipo Mama Zuhura alipotokea dirishani.

Mama Zuhura ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anauza vitumbua asubuhi na sambusa jioni, na kila mtu anayepita Mukendo na njaa anamfahamu. Anaishi na mama yake mzazi, Bibi Asha, mzee sana, ambaye wiki hiyo alikuwa anaumwa kifua. Alikuja kuazima chujio langu. Akapiga hodi, mimi nikaguna tu "Mmh," maana pini. Akasogea dirishani, akaangalia ndani kupitia nondo, na alichokiona ndicho hiki: kitambaa cheupe sakafuni, mtoto amenyooshwa juu yake, uso mweupe, macho yamefumbwa, mikono kifuani, na shangazi yake amepiga magoti pembeni anampima.

"Madam?" akasema kwa sauti ndogo. "Nyangeta ana nini? Anaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Nilimaanisha hapana, haumwi, hana kitu. Nikatikisa tena taratibu, pini zisinichome, na kwa mkono nikamwashiria asubiri. Machozi kidogo yalikuwa yananilenga, kwa vumbi la chaki.

Mama Zuhura akashika nondo kwa mikono miwili. Halafu akaondoka. Nikashukuru kwamba ni jirani mwelewa, asiyemsumbua mtu aliye kazini, nikaendelea na bega.

Sijamaliza bega nikasikia kilio. Kilitoka uani kwa Mama Zuhura, kile kilio chenyewe ambacho hakuna anayekikosea, "Mamaaa weee! Innalillahi!" na mara moja sauti nyingine zikakipokea kutoka nyumba za jirani. Nikajua: Bibi Asha amefariki. Kile kifua. Nikatema pini, nikamwambia Nyangeta, "Usiondoke hapo, narudi sasa hivi," nikajifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, nikatoka haraka kwenda kumfariji jirani yangu. Kosa langu la kwanza nawaachia wenyewe mlipime, ila hili la pili najitetea. Kilio kikitokea jirani unakwenda. Huulizi nani kafa. Unakwenda, unakaa, utajua hukohuko.

Nilipoingia uani wanawake wote wakanyamaza, kisha wakalia mara mbili ya mwanzo. Wakanikumbatia mmoja mmoja. Mimi sikuzoea kuheshimiwa namna ile kwenye msiba wa mtu mwingine, lakini nikasema labda wanatambua nilivyokuwa karibu na Bibi Asha, na kwa kweli nilikuwa namsomea gazeti mara mojamoja. Machozi yakaja yenyewe. Nikaona na mimi niseme neno la faraja, kama msomi.

"Tushukuru amepumzika," nikasema. "Alikuwa amechoka sana jamani."

Mwanamke mmoja kutoka Nyegina, aliyekuwa anapita na ndizi zake kichwani kwenda sokoni akaunganika na msiba bila kumjua mtu hata mmoja, akanitazama kwa mshangao.

"Amechoka?"

"Sana. Alishakula chumvi ya kutosha. Hata yeye mwenyewe alikuwa anasemaga, Mungu anichukue tu."

"Ee Yesu," akasema yule mama, akamgeukia mwenzake. "Akili imeshayumba huyu. Mkalisheni, mkalisheni chini kabla hajaanguka."

Wakanikalisha. Mmoja akanishika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wa tatu akanimwagia maji kichwani na wa nne akanipepea kwa upande wa kanga. Kupitia mlangoni nilimwona mwenyekiti wa mtaa anapiga simu kuhusu turubai. Wanaume wawili walishapita na kuni. Kwa namna kamati ilivyokuwa inaundwa pale nje, mwenyekiti na katibu wake wakiwa wameshapatikana, nilijisemea kwamba Mukendo ni watu wa maana sana, na kwamba siku moja nitaandika juu ya jambo hili.

Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, akatoka Bibi Asha na fimbo yake.

"Mnalia nini hapa?" akauliza. "Mimi naumwa kifua, nyie mnanipigia kelele. Nani kafa?"

Nikapiga ukelele mkubwa kuliko wote waliolia siku ile. Walionishika wakazidi kunibana. Nilipopata pumzi nikauliza, "Kama Bibi yuko hai, sasa aliyekufa ni nani?"

Walitazamana. Mama Zuhura akatoka kwenye kundi, akapiga magoti mbele yangu, akanishika mashavu kwa viganja vyake vinavyonuka iliki.

"Madam," akasema. "Mpenzi wangu. Ni Nyangeta."

Kwa muda huo mfupi niliamini. Msinicheke. Nilikuwa nimetoka kumwacha mwenyewe, na nilipojaribu kumkumbuka nilivyomwacha, picha iliyokuja ilikuwa ya mtoto mweupe, amenyooka, hatikisiki. Sijui nilijichomoaje mikononi mwa wale wanawake. Nilikimbia peku, uani kwao, njiani, uani kwangu, na nyuma yangu mtaa mzima unakimbia na vilio vyake, nikaingia sebuleni nikaanguka magotini.

Alikuwa vilevile. Mikono kifuani, macho yamefumbwa.

"Mama!" nikaita. "Mama! Nyangeta!"

Nyuma yangu mtu akaanza kusali.

"Nyangeta!"

Midomo ikachezacheza, bila macho kufunguka.

"Shangazi, umemaliza?"

Kilichofuata siwezi kukieleza kwa utaratibu kwa sababu hakikuwa na utaratibu. Wengine walicheka, wengine walilia upya, mama mmoja aliyekuwa mlangoni alitoka nje na kusikika akiwaambia wengine amefufuka, na hao wengine wakalipeleka hilo mbele kabla halijapoa. Mama Zuhura alikaa sakafuni juu ya satini yangu, akacheka mpaka akakohoa, kisha akamvuta Nyangeta kifuani akalia kweli, poda yote ikahamia kwenye baibui yake. Yule mama wa Nyegina akasema tumshukuru Mungu, halafu akauliza jiko liko wapi, maana maharage yameshabandikwa na watu ni wengi. Alikuwa na haki. Msiba unaweza kufutwa, lakini maharage yaliyoanza kuchemka hayafutiki.

Nikaitafuta simu yangu. Ilikuwa chini ya kitambaa, haina sauti, imejaa simu nilizokosa. Wakati mimi namlilia Bibi Asha, habari ilikuwa imeshafika Bunda kwa binamu yetu, Bunda ikaipeleka Buswahili, na kwenye kundi la simu la ukoo kulikuwa na picha ya mshumaa na rambirambi ndefu kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kumwona Nyangeta, akimsifu kwa uchapakazi. Nikampigia Magesa. Haipokelewi. Nikampigia wifi. Haipokelewi. Baadaye nilielezwa kwamba walikuwa wameshapanda gari, na wifi alizikusanya simu za wote waliokuwemo akazitupa chini ya kiti, hataki kusikia sauti ya mtu yeyote akimwambia pole.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo hata mtu wa kusamehe angeshindwa kunisamehe. Nilifikiri hivi: wanakuja na uchungu, jambo la kwanza wanalopaswa kuliona ni mtoto mzima, aonekane tangu mbali, na asikae ndani kama amefichwa. Wazo lilikuwa zuri. Nikaona pia, kwa kuwa walikuwa waje kumwangalia mtoto hata hivyo, basi wamkute amependeza. Nikakata satini haraka, nikamzungushia mwilini, nikambana kwa pini pale ambapo mshono ungekuwa, mkono mmoja uliofura na mwingine hamna, na mtoto akadai apakwe poda tena, na mimi, kwa hali niliyokuwa nayo siku ile, ningempa hata nyumba.

Gari likafika mchana, maharage yakiwa yameiva na watu wamekaa chini ya turubai wanakula kwa utulivu. Vilio vilisikika kabla gari halijaonekana. Wakashuka shangazi, wajomba, binamu wa Bunda aliyeungana nao njiani, wanawake wamejifunga kanga viunoni tayari kujitupa chini. Na pale getini, peke yake, katikati ya njia, amesimama mtoto mweupe tangu utosini hadi miguuni, anawapungia mkono taratibu, kushoto na kulia, kama alivyofundishwa shuleni.

Kilio kilikatika. Mjomba mmoja, mwanaume mzima mwenye ng'ombe wake, alirudi ndani ya gari akafunga milango na kupandisha vioo, na wale waliobaki nje wakaanza kumgongea awafungulie.

Magesa hakukimbia. Alikaa chini pale vumbini kama mtu aliyekatwa miguu. Mtoto akamwendea, anavuta sketi, pini zinadondoka.

"Shikamoo, Mama," akasema Magesa.

Ndivyo wanavyosalimianaga wao wawili, tangu mtoto ajue kusema: baba anamwamkia binti, kwa ajili ya jina.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Nyangeta. "Mbona umekaa kwenye uchafu?"

Wifi alikuja wa mwisho. Hakulia. Alimnyanyua mtoto, akampapasa kichwa, shingo, mgongo, miguu, pini ikamchoma kidole, akaitoa, akaitazama, akanitazama. Nikaanza kueleza na sikujua nimeanzia wapi. Akanikatiza.

"Nani alimlaza sakafuni?"

Ningeweza kusema mimi. Watu walikuwa wengi, kila mmoja ameshika sahani.

"Alijilaza mwenyewe," nikasema. "Alipitiwa na usingizi, joto hili. Sasa Mama Zuhura naye, unajua macho yake..."

Mama Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu na jagi la maji ya kunawa. Sikugeuka, lakini nilisikia jagi likiwekwa chini.

"Tunaondoka naye," akasema Magesa kutoka pale alipokaa.

Waliondoka jioni ileile, baada ya kula, kwa sababu yule mama wa Nyegina hakukubali mtu aondoke na njaa. Nyangeta alikataa kuvua gauni, akapanda gari nalo hivyohivyo. Dirishani aliniuliza kama atarudi kabla ya igizo. Nikamtazama wifi. Wifi akapandisha kioo.

Hakurudi. Igizo lilifanyika, binti mfalme akawa mtoto mwingine, amevaa gauni la kukodi lililomkaa vizuri. Nilihudhuria. Sijui kwa nini nilihudhuria. Pale sokoni watu walikuwa wakiniona wanaanza, "Pole, Madam," halafu wanakumbuka, "aa, hongera." Vitumbua vya Mama Zuhura viliacha kuja asubuhi. Chujio langu hakuliomba tena, alinunua lake. Viti nilivirudisha katikati ya sebule, cherehani nikairudishia magazeti, na asubuhi nikawa naamka mwenyewe, saa niipendayo, kama nilivyokuwa nafanya miaka yote ambayo nilidhani ndiyo raha.

Likizo ilikuwa inakaribia kwisha wifi alipopiga. Nilitazama jina lake kwenye kioo mpaka simu ikakaribia kukata.

"Wifi," akasema. Nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele na mtu anatwanga.

"Abee."

"Huyu mtoto alitusimulia yote njiani. Mpaka ulivyomwambia afumbe macho na mikono aweke kifuani. Hata nusu ya njia hatujafika."

Nikafunga dirisha, Mama Zuhura asisikie.

"Kwa hiyo muda wote huu mimi najua, Magesa anajua, unatuambia habari ya macho ya mama wa watu. Ulikuwa unamdanganya nani?"

"Niliona aibu, wifi."

"Mm. Aibu." Akamfokea kuku mmoja, akarudi. "Umeshamwomba msamaha yule mama?"

"Bado."

"Kamwombe. Leo. Si kesho." Akavuta pumzi. "Magesa anasema mtoto abaki huku. Anasema yeye hatapanda tena gari la msiba namna ile maisha yake yote. Nimekaa nimefikiria. Unajua siku ile nimekaa pale kwenye turubai, sina hata nguvu ya kushika kijiko. Anakuja mama mmoja ananiambia, mwanao anapendaga ukoko, nilikuwa namwekea. Anakuja mwingine, huyu ndiye anamfundishaga mjukuu wangu kuhesabu. Yule bibi wa fimbo, mgonjwa vile, ananiuliza nani sasa atamtafutia miwani. Wote wanamtaja kwa jina. Mimi nilidhani mtoto wangu anaishi na vitabu na mtu anayeunguza chai. Kumbe mtoto ana mtaa."

Nikaanza kuondoa magazeti juu ya cherehani.

"Magesa nimeshaongea naye. Shule wanafungua lini?"

Nikamwambia.

"Atakuja na basi la kwanza, nitamleta mwenyewe. Darasa la kwanza wanavaa sare gani huko?"

"Sketi ya bluu na shati jeupe," nikasema, na kwa furaha niliyokuwa nayo ulimi ukatangulia. "Tena bluu yenyewe nimeiona juzi pale mjini, kitambaa kizuri kabisa, ningeweza hata..."

"Wifi."

"Abee."

"Nunua iliyoshonwa," akasema, akakata simu.